Mrejesho: pensheni na matibabu ya mwalimu wa chuo, Bukavu

Aksanti sana mulionijibu. Swali lilikuwa: mwalimu wa chuo kikuu cha binafsi akistaafu, CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kongo) inamlipia na matibabu? Hapana. Inalipa pensheni, posho za familia na ajali za kazi. Ugonjwa wa kawaida haumo. (Walimu wa serikali wako CNSSAP, mfuko wa watumishi wa serikali.)

Pensheni inahitaji umri wa miaka 60, pamoja na miezi 180 ya michango. Hapa ndipo wazee wetu wanaumia: 5% ilikatwa kwenye mshahara, lakini mwajiri hakuipeleka. Tunzeni karatasi za mshahara, mulinganishe na hesabu za CNSS mungali kazini.

Matibabu ni mituweli ya afya, yaani chama cha kuchangiana gharama za matibabu. Ingieni mapema, kuna muda wa kungoja. Na muanzie kituo cha afya. Bila barua ya rufaa, bili ya hospitali inaweza kuwabakia.