Saikolojia, udaktari wa akili au sayansi ya ubongo: mwenye PCB aende wapi?

Chipukizi_Mbagala: Wakuu, nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Mzee anataka niwe daktari wa akili, dada anasema saikolojia, mimi nimenogewa na ubongo wenyewe, jinsi seli zinavyopeana taarifa. Tofauti ni nini hasa?

ZamuYaUsiku: Dogo, daktari wa akili kwanza ni daktari. MD, yaani shahada ya udaktari, miaka 5, utarajali mwaka 1, halafu uzamili miaka 3 pale Muhimbili. Ni 9 hiyo, kama hujakaa mtaani kusubiri nafasi. Katikati utazalisha, utashona majeraha, utakesha wodi ya watoto. Lakini ndiyo maana akiletwa mtu anaweweseka, hukimbilii kusema kichaa. Unapima malaria, unapima sukari, unafikiria kaswende iliyopanda ubongoni. Na dawa unaandika mwenyewe.

BintiKigamboni: Nimesoma saikolojia Mlimani, miaka 3. Msimdanganye mtoto: digrii ile ya kwanza haikufanyi mtu wa kutibu. Ukitaka wagonjwa, ongeza uzamili wa saikolojia tiba, MUHAS, chuo cha Muhimbili, upo. Wenzangu wengi wako rasilimali watu na kwenye mashirika. Ujiandae na takwimu pia, wengi walikuja wakidhani ni stori tupu. (Na kila harusini utaombwa "unisome akili".)

MtuWaMaabara: Mbona ubongo mmeuruka? Sayansi ya neva, ndiyo hiyo ya ubongo, ni utafiti. Huna mgonjwa, una swali: kumbukumbu inatunzwaje, kwa nini kwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, seli zinazotengeneza dopamini (kemikali ya kupeana taarifa) zinakufa. Watu huifikia kupitia biolojia, udaktari, hata kompyuta, kisha uzamili na PhD, mara nyingi nje ya nchi. Cajal, mtafiti Mhispania aliyepata Nobel mwaka 1906 kwa kuchora seli za neva, alisomea udaktari. Na usichanganye: anayetibu kifafa na kiharusi ni daktari wa neva, hiyo ni njia nyingine kabisa.

MamaWawili_Tabata: Mwanangu, chukua MD. Ukitoka hapo unaweza kwenda wodini au maabara. Ukianza na saikolojia, kuurudia udaktari ni kuanza moja.

BintiKigamboni: Dada, hapo sikubaliani. Udaktari si akiba ya kuweka kabatini. Asiyetaka wagonjwa atateseka miaka yote hiyo, na wagonjwa watateseka naye.

Chipukizi_Mbagala: Asanteni. Mwanasaikolojia tiba na daktari wa akili hawagombani kazini?

ZamuYaUsiku: Tunategemeana. Mwenye sonona kali naanza naye dawa, apate usingizi, ale. Akiweza kuongea, mwenzangu anaendesha vikao, na mara nyingi yeye ndiye anayegundua chanzo. Wenye wasiwasi wa kawaida wengine hata kwangu hawafiki. Wewe jiulize ungependa kukaa kiti kipi.

Chipukizi_Mbagala: Basi naomba MD kwanza, saikolojia ya pili. Mzee nitamwambia ni kwa ajili ya maabara, sio wodi.