Gereza la kale kufanywa hoteli: Nyanda za Juu Kusini tukubali?

Mwanzisha mada, Iringa
Kamwene. Majengo ya mkoloni yaliyofungia watu yafanywe hoteli, ndiyo au hapana? Boston, gereza la Charles Street lilifunguliwa 1851, likafungwa 1990, na tangu 2007 ni Liberty Hotel. Helsinki, gereza la Katajanokka liliondoa wafungwa 2002, likapokea wageni 2007. Kwetu Boma la Iringa, walilojenga Wajerumani 1900 kama hospitali ya jeshi, limekuwa makumbusho tangu 2016. Mimi nasema hoteli. Jengo lisiloingiza hela, paa likivuja hakuna wa kuliziba.

Fundi ujenzi, Iringa
Kaka, Boston usiitaje kirahisi. Hoteli ina vyumba karibu 300, ila vilivyo ndani ya gereza lenyewe ni 18 tu. Vingine vimo kwenye jengo jipya la ghorofa. Seli ilikuwa futi 8 kwa 10: ukishaweka kitanda cha 5 kwa 6, choo kikae wapi? Katajanokka waliunganisha seli mbili au tatu kupata chumba kimoja.

Hapo ndipo watu huua jengo. Ukuta kati ya seli mara nyingi ndio unaobeba juu, kwa hiyo usiuangushe wote. Simamisha nguzo za muda, toboa upana wa mlango tu, pitisha linta (boriti ya juu ya mlango) inayolala walau sm 20 kila upande. Choo nacho: zamani ilikuwa mtondoo, yaani ndoo ya haja, bomba hakuna. Bomba la inchi 4 kwa mteremko wa 1 kwa 40, likipita korido ya mita 20, linashuka nusu mita na kugonga msingi wa mawe. Afadhali kila seli mbili zitoe maji taka kwa ukuta wa nyuma, chemba iwe nje.

Na jamani, saruji! Tofali za kuchoma zilizojengewa udongo au chokaa zinahitaji kupumua. Ukizipiga plasta ya saruji unyevu unanasa ndani, na mvua za Novemba hadi Aprili zikipita chumvi inabandua rangi yote. Tumia chokaa 1 kwa mchanga 3.

Meneja wa lodge, Mbeya
Ongezeni baridi. Juni na Julai usiku huku hushuka chini ya nyuzi 10, na seli ina kidirisha kimoja juu. Mgeni akiingiza jiko la mkaa, asubuhi mnatoa maiti. Makomeo ya nje yang'olewe yote, hata yale ya mapambo, maana walevi watafungiana kwa utani. Kitasa kifunguke kwa ndani bila ufunguo, na nondo za dirisha ziwe na bawaba.

Mwongoza watalii, Songea
Mnaongea mabomba tu. Songea, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa wa Majimaji walinyongwa. Pana makumbusho, na kila mwaka watu hukusanyika. Mngetandika shuka pale? Ottawa gereza liligeuzwa hosteli 1973, na watu walinyongewa humo. Hayo ni yao.

Mwanzisha mada, Iringa
Dada, hata makumbusho hutoza kiingilio. Lakini kwa mahali pa kunyongea nakubali, pasiguswe. Nilikuwa nafikiria mahabusu za kawaida.

Mwongoza watalii, Songea
Nani atapambanua? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Boma la Mjerumani halifiki huko, mpaka waziri alitangaze. Anayelichukua leo anaweza kufuta kila kitu, kisha auze hadithi anayotaka. Kisiwa cha Changuu kule Zanzibar watalii huuziwa "gereza" lililoishia kuwa karantini. Litangazwe kwanza, zabuni baadaye.

Fundi ujenzi, Iringa
Hapo tuko pamoja. Na kabla ya plasta, mkwangue rangi taratibu kwa kisu kwenye usawa wa mtu aliyekaa chini. Wafungwa huchora hapo. Pigeni picha, mpime, ndipo mniite.