Acheni kufuta majibu sahihi ya majaribio ya hifadhidata ili taa iwake kijani

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Katika kampuni ninayofanyia kazi hapa Nairobi, ambayo hutengeneza mfumo wa hesabu za sacco, umezuka mtindo ambao wahandisi wenzangu wa kampuni nyingine za mjini wananiambia uko kwao pia: jaribio la hifadhidata, yaani programu inayolinganisha matokeo ya hifadhidata na majibu yaliyohifadhiwa, likifeli, hakuna anayejisumbua kusoma limefeli kwa nini. Ama huendeshwa tena na tena mpaka lipite na taa iwake kijani, ama faili la majibu yanayotarajiwa huandikwa upya kwa matokeo yaliyotoka, mabadiliko yakaunganishwa, na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Jedwali letu la amana za wanachama lilikuwa na safu ya kiasi ya aina ya numeric, ambayo PostgreSQL, programu ya hifadhidata tunayotumia, huihesabu kwa desimali kamili bila kupoteza senti. Mwenzetu mmoja akaibadilisha kuwa double precision, aina inayohifadhi desimali kwa makadirio, kwa madai kwamba ripoti zingetoka upesi. Jaribio la kujumlisha senti 10 na senti 20 likafanya kazi yake sawasawa: mstari wenye alama ya kutoa, ambao ni jibu lililotarajiwa, ulionyesha 0.30, na chini yake mstari wenye alama ya kujumlisha, ambao ni jibu lililotoka, ukaonyesha 0.30000000000000004. Mtu yeyote anayeshika fedha za watu angesimama papo hapo. Badala yake, tarakimu zile zote zilinakiliwa kwenye faili la majibu yanayotarajiwa, mwenzetu anayekagua mabadiliko akapitisha, na tangu hapo jaribio hilo linalinda kosa. Ukiirudisha safu katika aina yake ya awali, jaribio litakuambia wewe ndiye uliyeharibu. Huku ni kurekebisha mwongozo wa kusahihisha mtihani ili majibu ya mwanafunzi yote yawe sahihi.

Utaratibu wa kulinganisha matokeo na majibu yaliyohifadhiwa ni mzuri, na wala sina ugomvi nao. Ndio unaotumiwa na PostgreSQL yenyewe: amri za SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, zinakaa katika folda ya sql, majibu katika expected, yaliyotoka katika results, na kila tofauti huandikwa katika faili la regression.diffs. MySQL, hifadhidata nyingine, nayo ina programu yake ya majaribio yenye chaguo la --record, linaloandika faili la majibu kwa niaba yako. Lakini utaratibu wote huu umesimama juu ya nguzo moja, kwamba kuna binadamu aliyesoma jibu na kukubali kuwa ni sahihi kabla ya kulihifadhi. Binadamu huyo akiondoka, kinachobaki ni mashine inayojipongeza.

Kisingizio ninachopewa kila ninapolalamika ni kwamba majaribio yetu yanafeli ovyo, kwa hiyo hakuna haja ya kuyaamini. Ni kweli yanafeli ovyo, lakini yanafeli hivyo kwa sababu yameandikwa ovyo. Nusu yake hutoa mistari kadhaa ya jedwali bila ORDER BY, agizo la kupanga matokeo, ilhali SQL haiahidi mpangilio wowote usipouomba. Katika PostgreSQL, ukibadilisha mstari wa mwanachama mmoja, toleo jipya la mstari huo huandikwa mahali pengine kwenye jedwali, na mahali hapo hutegemea kama VACUUM, kazi ya kusafisha matoleo ya zamani, imeshapita na kuacha nafasi. Ndiyo maana mwanachama aliyekuwa wa kwanza asubuhi anatokea wa mwisho jioni, na mtu anaapa kwamba seva ina wazimu. Kuna pia wanaofungia kila jaribio ndani ya muamala wa hifadhidata (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) na kumaliza kwa ROLLBACK, amri ya kulifuta kundi hilo, jambo zuri, kisha wanaandika kwenye majibu kwamba mwanachama mpya lazima apate namba 1, wakati namba zinazotolewa na sequence, kihesabu cha hifadhidata, hazirudi nyuma hata muamala ukifutwa.

Kinachonikera kuliko vyote ni saa. Tarakilishi zetu zinafuata saa za Nairobi, ambazo ziko mbele ya UTC, saa rejea za dunia, kwa saa 3, na seva inayoendesha majaribio inafuata UTC. Malipo ya mwanachama ya saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 yanahesabiwa na seva kuwa ya tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita. Kwa hiyo jaribio linalotumia CURRENT_DATE, yaani tarehe ya leo kwa saa ya seva, hupita mchana kutwa na kufeli kati ya saa sita na saa tisa usiku, na anayelikuta limefeli anabonyeza kitufe cha kurudia mpaka kupambazuke. Kosa hilohilo liko ndani ya ripoti ya mwezi ya mwanachama, na jaribio lilikuwa likilipigia kelele kila usiku.

Wengine huendesha majaribio kwenye SQLite, hifadhidata nyingine iliyo ndogo, ili yaende haraka, ilhali mteja anatumia PostgreSQL. SQLite haikagui funguo za kigeni, yaani viungo kati ya jedwali moja na jingine, mpaka uiwashie ukaguzi huo, na katika majedwali yake ya kawaida hupokea neno mahali pa namba bila kulalamika. Jaribio likipita huko, halijathibitisha chochote kuhusu mfumo anaoutumia mteja.

Halafu kuna suala la data. Kwa uvivu wa kubuni wanachama wa majaribio, mtu amenakili jedwali zima la wanachama halisi, likiwa na namba za simu na za vitambulisho, na kuliweka mahali ambapo kila anayeajiriwa hulipakua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa madhumuni aliyoelezwa, na hakuna mwanachama wa sacco aliyeelezwa kwamba atakuwa mfano wa majaribio kwenye kipakatalishi cha mgeni. Wanachama wa kubuni wanatosha, na ni bora zaidi, kwa sababu unawachagua kwa makusudi: mmoja awe Ng'ang'a, ili ritifaa ya jina lake ifichue kila amri ya SQL iliyoungwa kwa kubandika maandishi (alama hiyo ndiyo inayofunga maandishi katika SQL), mwingine awe na namba ya simu inayoanza na 01, ili ionekane nani ameihifadhi kama namba na kupoteza sifuri ya mbele.

Ninachodai ofisini ni hiki: faili la majibu lisibadilishwe bila maelezo ya maandishi ya kwa nini jibu la zamani lilikuwa na makosa, na mkaguzi asome tofauti hizo mstari kwa mstari. Kila uendeshaji uanze na hifadhidata mpya tupu, kama make check, amri ya kuendesha majaribio ya PostgreSQL, inavyosimamisha seva yake ya muda, badala ya sisi sote kugombania seva moja. Saa za eneo na kanuni za upangaji wa herufi zitajwe waziwazi. Jaribio linalofeli mara moja moja liandikishwe kama hitilafu yenye mwenyewe, na kitufe cha kurudia kiondolewe.

Nimejibiwa kwamba masharti haya yatachelewesha kazi. Wenzangu mnaoendesha mifumo ya fedha hapa mjini, naomba mnieleze mmewezaje kuuzuia mtindo huu kwenu, na hasa nani ana mamlaka ya kukataa badiliko linalogusa faili la majibu, kwa sababu kwetu hayupo.