Kruzi ya kwanza Ulaya: someni MABANO kabla hamjalipia, mi yamenimaliza

Wakuu nimerudi jana usiku na nna hasira hata begi sijalifungua, kwa hiyo naandika hivi hivi likiwa la moto, mtanisamehe mpangilio. Na wale mlioniambia "chagua kampuni yoyote mkuu, zote sawa tu" kwenye ule uzi wangu wa kuomba ushauri, naomba mpite hapa mnieleze mlikuwa mnamaanisha nini. Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi, na kwa nilivyochunguza baada ya kupigwa mchezo wenyewe wanaucheza wengi.

Mi nilichagua kama wengi mnavyochagua. Nikafungua kurasa kumi za kampuni kumi, nikalinganisha picha za vyumba, bwawa, sijui meli ipi ina slaidi na ipi ina ukumbi wa maonyesho, siku tatu nzima silali, afu baadae ndo nakuja kugundua zile kampuni zangu kumi karibu zote zina matajiri watatu. Costa, Princess, Holland America, Cunard na P&O Cruises wote wako chini ya Carnival. Royal Caribbean, Celebrity na Silversea nyumba moja. Norwegian, Oceania na Regent nyumba moja. MSC ndo yuko kivyake. Yani nimekesha nachagua mtoto gani mzuri na baba ni yule yule.

Kitu ambacho sikukikodolea macho ni ratiba. Niliiona ndio, ila niliona majina: Venice, Kotor, Santorini, Mykonos, Athens, Rome, usiku saba. Nani ataangalia mara mbili hapo? Pembeni ya Venice kulikuwa na mabano na ndani ya mabano imeandikwa Ravenna, mi nikajua hilo ndo jina la bandari ya Venice, si kila uwanja wa ndege una jina lake bwana. Pembeni ya Rome mabano mengine, Civitavecchia. Nikaona poa, majina ya Kitaliano hayo, nikalipa.

Wakuu Ravenna ni mji mwingine kabisa!! Ni kama kilomita 150 kutoka Venice. Tumetua Venice, ule mji ambao barabara zake ni maji, na mama, mama kavaa gauni lake jipya maana nilimwambia tukishuka tu kwenye ndege tunapanda boti moja kwa moja hadi melini na picha tunapiga njiani, nauliza dawati la maelezo boti za kwenda kwenye meli zinakaa wapi, yule dada ananiangalia kwa huruma, ananionyesha kituo cha basi. Zaidi ya masaa mawili kwenye basi, na basi lenyewe ni la kampuni ya meli na linalipiwa pembeni. Mama kwenye kioo anaangalia mashamba. Hajasema kitu hadi tumefika, pale bandarini uwanda mtupu na minara ya viwanda kwa mbali, ndo akaniuliza, mwanangu, maji ya barabarani yako wapi?

Sasa sikilizeni kilichonitia hasira zaidi. Tangazo la safari yangu lilikuwa na picha ya meli kubwa inapita mbele ya uwanja wa San Marco pale katikati ya Venice, watu wamejaa kwenye roshani wanapunga mikono. Hiyo kitu haipo! Italia walipiga marufuku meli kubwa kupita pale tangu tarehe 1 Agosti 2021, meli yoyote inayozidi tani 25,000 za ukubwa haikatizi mfereji wa Giudecca, ndo njia ya kupitia pale, na meli hizi tunazopanda sisi zinazidi hapo mara tatu mara nne. Na sheria mi siipingi, wenye mji wao wamechoka kutikisiwa nyumba. Ila wewe kampuni unajua sheria, unajua meli yako inalala Ravenna, na picha bado umeiacha pale miaka yote hii, hiyo tuiteje?

Nimekaa nimepitia ratiba zingine ndo nikaona mabano yako kila mahali. "Paris" ni Le Havre, kilomita karibu 200, kwenda na kurudi siku yote imeishia barabarani. "Berlin" ni Warnemünde, ni masaa matatu hivi kwenda tu, yani unaenda kuligusa lile lango la Brandenburg na kugeuza. "London" ni Southampton. "Florence" ni Livorno. Afu wanakuandikia bandarini saa moja asubuhi hadi saa moja jioni we unaona masaa kumi na mawili hayo, toa ya kushuka, toa ya njiani, toa ya kurudi kabla hawajafunga mlango, na ukichelewa kwa safari uliyojipangia mwenyewe meli haikusubiri, inasubiri basi lake tu.

Santorini wala hamna mabano ila kuna kaneno kadogo kwamba meli inatia nanga. Sikujua maana yake. Maana yake meli haigusi ukuta, inasimama baharini mnasombwa na boti ndogo. Tulifika saa nane mchana, kuondoka saa tatu usiku. Wakatuweka kwenye ukumbi wa maonyesho, kila mtu kabandikwa stika ya namba kifuani, sisi kundi la 31, kwenye spika wanaita kundi la 4. Waliolipia ziara za meli wanatangulia. Waliolala vyumba vya bei mbaya wanatangulia. Nikamwangalia mama na stika yake ya 31 juu ya kitenge, kakaa kimya na mkoba mapajani kama yuko foleni ya daktari, saa moja na dakika hamsini. Boti ikatushusha bandari ya zamani chini ya jabali, mji uko juu kabisa, kupanda ni ngazi karibu 600 au punda au kile kigari cha kwenye waya. Mama magoti hana. Foleni ya kigari nyingine ndefu, na juu tulikaa kama saa moja na nusu tu maana ya kushuka ilishaanza kujaa. Na kwa taarifa yenu kuanzia Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa kruzi euro 20 kila mtu kwa Santorini na Mykonos msimu wa watu wengi. Hiyo nayo si kosa la kampuni, ila basi niambie mapema, nisiione kwenye bili.

Bili sasa. Asubuhi ya mwisho karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Bakshishi wanayokukata moja kwa moja, dola 18 na nusu kila mtu kila siku, wawili siku saba ni dola 259, na wala haikuwemo kwenye ile bei ya tangazo. Bia ya dola 8 juu yake wanapachika asilimia 18 ya huduma. Nilitaka kununua kifurushi cha vinywaji mwanzoni nikaambiwa watu wazima wote wa chumba kimoja lazima wanunue, mama yangu anakunywa chai! Chai ya bure ile ya kwenye buffet! Nikalipie kilevi cha mtu anayeswali? Nikaacha, nikawa nanunua moja moja, sijui ndo ilikuwa nafuu au ndo nilijimaliza.

Halafu Rome. Mi ndege ya kurudi niliikata saa tisa mchana ya siku ile ile nikijua tunashuka Rome asubuhi, tunatembea kidogo, tunaona Colosseum, tunaondoka. Civitavecchia ni kama saa zima na treni, kabla ya treni kuna basi la kukutoa bandarini, kabla ya basi kuna kusubiri rangi ya lebo ya begi lako iitwe. Rome niliyoiona mimi ni stesheni. Nzuri, safi, ina kahawa.

Najua mtakuja na "mkuu ungesoma vigezo na masharti". Sawa, nilikosea, ndo maana naandika. Wakala naye kakaa kimya kwenye kitu cha viza, nikashtuka wiki mbili kabla kwamba Kotor iko Montenegro, ambayo haiko Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, unatoka na unarudi, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja inaweza kukuletea shida, na kwenye mkataba wameandika nyaraka ni jukumu la abiria. Bahati yangu niliyopewa ilikuwa ya kuingia mara nyingi, wala sikuiomba kwa akili.

Kwa anayechagua saivi, kabla ya jina la kampuni nenda kwenye ramani, pima bandari hadi mji, hesabu masaa ya nchi kavu, uliza mnagusa ukuta au mnatia nanga. Kama una mzazi, meli ndogo zinamfaa zaidi ya zile maghorofa, kwa mfano kampuni ya Viking, meli zake za baharini zinabeba watu chini ya elfu moja, watoto chini ya miaka 18 hawapandi, na kila bandari kuna ziara moja ndani ya nauli, bei iko juu ila walau ziara hiyo hulipii pembeni. Ukipenda kelele na watoto, nenda maghorofa, kule raha ipo, chakula sikudanganyi kilikuwa safi na vijana wa chumbani wanachapa kazi kweli, hao sina neno nao kabisa. MSC na Costa abiria wanaweza kupanda bandari tofauti tofauti, kwa hiyo kuna zoezi la usalama na matangazo ya lugha nyingi, kama unapenda utulivu itakukera. Na zile za mtoni, Danube huko, zinafunga kamba karibu kabisa na mji, Budapest unashuka uko Budapest.

Sasa kichekesho, mama leo asubuhi kaniambia amefurahi sana na mwakani anataka Norway. Nimefungua ratiba kabla hata ya kuangalia bei.

Bergen haina mabano. Bado naendelea kushuka chini.