Naomba ushauri: alama ya umri kwenye gemu ya soka inatosha kwa mtoto wa miaka 7?

Ndugu zangu, mwanangu anacheza gemu ya soka yenye alama ya PEGI 3 (alama ya umri ya Ulaya, yaani inafaa kuanzia miaka 3), nami niliridhika nayo kwa kuwa haina damu wala matusi, hadi nilipomkuta kidole kikiwa juu ya kitufe cha kununua pakiti ya wachezaji, ambayo yaliyomo hayajulikani mpaka ifunguliwe. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za kulipia za namna hiyo ni kamari. Tahadhari ya ununuzi imo kwenye kasha, kwa maandishi madogo mno. Tena kuna maneno ya wapinzani wa mtandaoni, ambayo hakuna mpimaji wa alama ya umri anayeweza kuyajua mapema. Je, nifunge ununuzi na mazungumzo tu, au nimwondolee gemu yenyewe kwa sasa?