Ziwa lilipofungwa ndo nikajua nina marafiki wangapi

MzeeWaKipe: Wakuu habari za jioni. Niko Kibirizi hapa Kigoma, miaka 41, nina kipe moja, chombo cha kuvulia dagaa usiku, na taa zake za sola, nyumba Mwandiga haijaisha ila tunakaa, kwa hiyo mtu akiniona anasema huyu katoboa. Sasa mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Kabla ya hapo simu yangu ilikuwa hailali, giza likiwa zuri, zile siku mwezi hauwaki, tukapata dagaa basi jioni kijiweni soda za watu nane nalipa mimi. Ziwa likafungwa, wiki ya pili tu kimyaaa, mpaka nikahisi laini imefungiwa. Nikamuomba mmoja laki ya ada ya mtoto, meseji kasoma, tiki za bluu hizo, hajajibu mpaka leo. Aliyekuja home ni dogo niliyemtoa kwenye chombo mwaka wa nyuma kwa kusinzia kazini, kaja na mihogo nusu kiroba na mawese kwenye chupa ya maji, kaweka mlangoni, "kaka msalimie shemeji", kasepa. Saivi hela imerudi na jamaa wamerudi, naitwa bosi. Niwapokee kama zamani au niwachane laivu? Maana nacheka nao ila moyoni sipo.

Katonga_boy: Usimchane mtu mkuu, wewe acha kulipa soda wiki mbili tu watajichana wenyewe 😂😂

MamaDagaa: Pole baba. Ila na mimi niseme. Hao wanane wako wanaishi kwa nini kama sio ziwa hilohilo? Mbeba ndoo, fundi nyavu, anayeanika, ziwa likifungwa wote njaa. Mimi nanunua dagaa napeleka Dar, ile miezi mtaji wote niliula, dada yangu akipiga naiangalia tu simu inaita mpaka inakata, maana nikipokea ataomba na mimi sina hata ya unga. Sio dharau, ni aibu. Huyo wa tiki za bluu ulimuuliza kwake wamekula nini? Na wewe ulimpigia nani kumjulia hali tu, bila kuomba kitu?

MzeeWaKipe: Mama hapo umenishika. Sikumpigia mtu. Nilikuwa nasubiri wao.

Nzega_Road: Huku Tabora na sisi wa mizinga ni hivyohivyo, msimu wa asali kila mtu binamu yako. Ila mleta mada umeongelea kijiwe tu, familia je? Nyie si usiku mko majini mchana mmelala, mkewe mtu anakuona umejifunika shuka tu. Halafu huyo dogo wa mihogo ulimrudisha kazini?

MzeeWaKipe: Aisee. Familia, we acha tu, ile miezi mitatu nilikuwa namsindikiza wa darasa la pili shule kila asubuhi kwa mguu, juzi kaniuliza "baba ziwa linafungwa tena lini?" nikakosa la kusema. Dogo bado sijamrudisha. Namuona mwaloni, pale vyombo vinaposhusha samaki, kila asubuhi anabeba ndoo za watu, ananisalimia vizuri kabisa, mimi ndo naangalia pembeni. Mama kasema aibu, nadhani ndo hiyohiyo. Leo giza limeanza, tunaingia saa kumi na mbili, na kuna mtu mmoja kapungua kwenye chombo. Namba ya dogo ninayo.

MamaDagaa: Saa hizi ni kumi na nusu baba.