Rola za mbele za jeki ya paleti: nailoni au poliuretheni?

Msimamizi wa ghala
Wakuu, tuna jeki sita za paleti (vitoroli vya mkono vya kuinua na kuvuta paleti) za kilo 2,500, kila uma una rola mbili mbele. Rola za nailoni zimelika hadi ncha za uma zinagusa sakafu. Ndani sakafu ina rangi ya epoksi, kwenye jukwaa la kupakia ni zege tupu lenye viungio. Paleti moja ina kilo 1,200 hadi 1,500. Muuzaji anataka saizi, nami sina zaidi ya "ile ya kawaida". Ninunue zipi?

Fundi jeki
"Ya kawaida" ndiyo inayokupa rola zisizoingia. Kuna kipenyo cha milimita 74, 80 na 82, na upana wa 60, 70, 80 na hata 93. Chukua venia (kipimio chenye taya), upime upana wa rola na unene wa shafti (mara nyingi 20), kisha soma namba ya beringi. Nyingi ni 6204, yaani ndani 20, nje 47, upana 14.

Kipenyo usikiamini kwenye rola iliyolika: ikisoma 76 huenda ilianza 80 au 82. Angalia bamba la jeki, au shusha uma na upime toka sakafuni hadi juu ya uma. Zikiwa 85, kwa kawaida rola ni 80 au 82. Jeki zenye uma wa chini zaidi, za 75, hutumia 74. Ukiweka kubwa kuliko inavyotakiwa, uma hazishuki sawasawa na paleti haiingii.

Mtu wa matengenezo
Kwa epoksi, poliuretheni ya ugumu wa Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira) 92 hadi 95. Nailoni ni nyepesi kuvuta na haijali maji, ila ni ngumu: inakwaruza rangi na kupiga kelele kwenye kila kiungio.

Poliuretheni nayo ina magonjwa yake. Jeki ikilala na mzigo, rola hupata bapa. Chembe za chuma hujichoma ndani yake. Ya bei ya chini hubanduka kwenye kiini, ikianzia ukingoni. Kama ghala lina joto na unyevu, ulizia ya aina ya polietha. Ya poliesta huoza kwa unyevu hadi ikawa kama jibini.

Msimamizi wa ghala
Asanteni. Naweza kubadilisha zile mbili zilizoisha zaidi kwanza?

Fundi jeki
Hapana mkuu, zote nne za jeki kwa pamoja. Mpya inakuwa nene kuliko mwenzake, hivyo inabeba karibu mzigo wote wa upande huo.

Kazi yenyewe: ilaze jeki ubavu, toa pini ya springi kwa panchi, kisha gonga shafti itoke. Shafti iliyolika ikawa na mfereji itupe. Beringi ingiza kwa kusukuma pete ya nje tu. Ukigonga ya ndani umeshaiharibu kabla haijaanza kazi. Chagua beringi zenye mpira pande zote mbili (2RS), maana za bati (ZZ) hupitisha maji ya kudekia. Rudisha washa (pete bapa za shaftini) zote, paka grisi shaftini, weka pini mpya.

Ukiisimamisha jeki na uma hazipandi, hewa imeingia kwenye pampu. Shikilia kitasa cha kushushia, pampu mara kumi na tano bila mzigo.